Unasoma nini sasa hivi? Mwongozo kamili wa barza ya wasomaji, Unguja na Pemba

Watu wengi wanaopenda vitabu hungoja wamalize ndipo wasimulie, na hapo ndipo mazungumzo yanapokufa. Aliyemaliza keshatoa hukumu: kizuri, kibaya, kinachosha. Wenzake wanabaki na kukubali au kukataa tu. Aliye katikati ya kitabu ana hali nyengine kabisa. Ana mtu anayemwogopea, ana mwengine asiyemwamini, ana jambo linalomnyima usingizi. Hapo wenzake wanaweza kuingia naye, wakakisia naye, wakabishana naye.

Kwa hiyo mwongozo huu unahusu kitabu kinachosomwa sasa, sio kilichomalizwa: jinsi ya kukieleza, jinsi ya kukutana na wenzako kila wiki mbili kwa ajili hiyo, na mkutano huo ndio tunaouita barza, na jinsi ya kukipitisha mkono hadi mkono kisiharibike. Umeandikwa kwa hali ya Unguja na Pemba, ambako maduka ya vitabu ni ya kuhesabu, nakala moja husomwa na watu wengi, na unyevu wa masika hauna huruma na karatasi.

Kujibu swali lenyewe

Ukiulizwa "unasoma nini?" usitaje jina la kitabu ukanyamaza. Jibu linalomfaa msikilizaji lina mambo matano, na yote yanaingia ndani ya dakika moja:

1. Jina la kitabu, mwandishi, na lugha unayokisomea.
2. Umefika wapi.
3. Nani yupo mbele yako sasa na yuko katika hali gani. Taja watu wawili, wasizidi watatu.
4. Kitu kimoja kilichokushika.
5. Swali ulilonalo, ambalo hujui jawabu lake.

Chukua mfano wa mtu anayesoma *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Jibu lake linaweza kuwa hivi:

"Nasoma *Peponi* ya Gurnah, kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Niko sura ya kwanza. Kuna kijana, Yusuf, umri wake kama miaka kumi na miwili, kachukuliwa na tajiri ambaye siku zote akimwita ami. Kafikishwa dukani, kamkuta kijana mwengine, Khalil, aliyemtangulia. Khalil anamwambia wazi: huyu si ami yako, mwite seyyid, yaani bwana, na wewe uko hapa kwa sababu ya deni la baba yako. Kilichonishika ni kuwa hakuna aliyemfunga kamba wala kumpigia kelele. Aliambiwa tu anakwenda safari, akapanda treni. Sasa najiuliza: baba yake ana nia ya kumkomboa, au ameshamtoa moja kwa moja?"

Litazame vizuri jibu hilo. Halina neno la kusifu hata moja. Halikusema kitabu ni kizuri, wala halikusimulia kuanzia mwanzo. Limemweka msikilizaji pale dukani pamoja na vijana wawili, kisha likamwachia swali. Aliyewahi kumsikia mzazi akisema "atakwenda kukaa kwa ami yake kidogo" ana la kuchangia, hata kama kitabu chenyewe hajakiona.

Jambo la pili, la umefika wapi, watu hulipuuza na ndilo linalozuia ugomvi mwingi. Msikilizaji akijua ulipofika, anajua pia asichotakiwa kukwambia. Taja sura na tukio kuliko nambari ya ukurasa. Katika barza moja huyu atakuwa na tafsiri, yule ana Kiingereza, na wa tatu ana nakala ya chapa ya zamani isiyo na jalada. Ukurasa wa 60 wa mmoja si wa 60 wa mwengine. Anayesomea kwenye simu huona asilimia badala ya kurasa, na asilimia 40 haimwambii kitu mwenye kitabu cha karatasi. "Niko pale Yusuf anapofika dukani" inaeleweka na kila mtu.

Na swali lazima liwe swali kweli. "Je, mwandishi ametumia mbinu gani?" ni swali la mtihani. Wengi wetu tumefundishwa fasihi skuli kwa dhamira, maudhui, falsafa na wahusika, na tukikaa kuzungumza kitabu tunarudi huko huko bila ya kujijua. Yana pahala pake. Barzani yaache. Swali linalofungua watu ni lile linalomhusu mtu aliyemo kitabuni: ungemwamini huyu? Ungelikuwa wewe ungeliondoka? Mbona hakusema kitu?

Kifungu cha kusoma kwa sauti

Hii ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Mtu hufungua kitabu barzani, akapekua, akasema "hebu, ilikuwa wapi ile", dakika mbili zimepotea, kisha akasoma kifungu kirefu kisicho na kichwa wala miguu.

Chagua kifungu nyumbani. Urefu wake uwe nusu ukurasa mpaka ukurasa mmoja. Ukurasa wa kawaida wa riwaya, ukisomwa kwa sauti bila ya haraka, huchukua kama dakika 2 mpaka 3, na hicho ndicho kiasi ambacho sikio la mtu aliyekaa mkekani linaweza kukibeba bila ya kuchoka.

Anza pale mtu anapoingia, anapofungua mdomo au anapoona kitu. Usianze na maelezo ya mandhari, hata yawe mazuri vipi, kwa sababu msikilizaji hajapata mtu wa kumfuata. Maliza kabla jambo halijatulia: jibu halijatolewa, mlango haujafunguliwa. Wengi hupenda kusoma mpaka mwisho wa sura kwa kuwa pale mwandishi amefunga vizuri. Ukifunga vizuri, hakuna atakayeuliza kitu.

Epuka mazungumzo ya watu zaidi ya watatu. Jicho linaona alama za kunukuu na mstari mpya. Sikio halizioni, na baada ya sentensi nne msikilizaji hajui tena nani kasema nini. Kama huna budi, ongeza jina la msemaji unaposoma. Si dhambi.

Kisome mara moja kwa sauti kabla ya siku yenyewe. Mara moja inatosha. Hapo utagundua jina usilojua kulitamka, sentensi inayokumaliza pumzi, na wakati mwengine utagundua kuwa kifungu kina jambo ambalo hutaki kulisoma mbele ya mama wa mtu au mbele ya watoto. Kama kitabu ni chako, tia alama nyepesi ya penseli pembeni pa kuanzia na pa kumalizia. Kama cha kuazima, weka vipande viwili vya karatasi. Usikunje kona ya ukurasa, na usiache kalamu ndani ya kitabu kilichofungwa, kwani inavunja mgongo wake na kurasa zinaanza kutoka.

Ushairi una kanuni yake. Shairi la beti nne au tano lisome lote, usilikate. Lisome mara mbili. Mara ya kwanza liache liende kwa mwendo wake, mizani nane kwa nane, watu wasikie vina. Mara ya pili soma taratibu, ubeti kwa ubeti, na hapo ndipo watu wasimamishe na kuuliza. Mkianza kuuliza katika usomaji wa kwanza shairi linavunjika. Kama kuna anayejua kughani, mpe yeye usomaji wa kwanza hata kama kitabu si chake. Katika visiwa hivi mtu wa namna hiyo hakosekani, na mara nyingi ni mtu mzima ambaye hajashika kitabu siku nyingi na ana mashairi kichwani.

Hadithi za upelelezi nazo zinataka uangalifu. Mwandishi wetu Mohamed Said Abdulla, aliyemwumba mpelelezi Bwana Msa, alitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1960, na mpaka leo vitabu vyake vinazunguka katika majumba ya Unguja. Maana yake ni kuwa kila barza itakuwa na mzee aliyevisoma na anayejua muuwaji ni nani. Kabla ya msomaji kuanza, msimamizi aulize: nani keshakisoma? Wanyanyue mikono. Hao wana ruhusa ya kuuliza maswali tu, hawana ruhusa ya kujibu. Na mwangalie mzee anayecheka peke yake, kwani kicheko nacho kinatoa siri.

Barza: watu, pahala na saa

Watu wanane ndio idadi nzuri. Chini ya watano, wawili wakisafiri hakuna barza. Zaidi ya kumi, wa mwisho hawapati zamu, na asiyepata zamu mara mbili mfululizo harudi tena. Mkizidi, gawanyikeni makundi mawili yanayokutana wiki tofauti.

Kwa Mji Mkongwe, barza ya mawe nje ya nyumba inafaa sana alasiri, mradi iwe imeangalia mashariki: jua likishuka magharibi, nyumba yenyewe inaitilia kivuli. Iliyoangalia magharibi itawaunguza mpaka jua likaribie kuchwa. Angalieni pia njia. Uchochoro unaopitwa na vespa na pikipiki kila dakika unaua usomaji wa sauti, na huwezi kumlaumu mpita njia. Ng'ambo na mashamba, ukumbi wa nyumba, ua, au chini ya mwembe panatosha. Darasa la skuli baada ya masomo ni pazuri, likiombwa kwa mwalimu mkuu mapema. Mkitaka kuwakaribisha watu wasiojuana kwa tangazo, mjulisheni sheha kwanza; huepusha masuala. Mwanamke anayetaka kuja asikute barza ya njiani iliyojaa wanaume akarudi. Kama kundi ni la mchanganyiko, ukumbi wa nyumba ya mwenzenu mmoja unawafaa wote.

Saa: anzeni saa 10 na nusu, watu wameshasali alasiri, malizeni saa 12 kasoro robo. Adhana ya magharibi hapa huwa kati ya saa 12 na dakika 10 hivi na saa 12 na dakika 45, kutegemea mwezi, kwa hiyo mwaka mzima mtakuwa mmemaliza na mtu ana nafasi ya kutia udhu au kuwahi nyumbani. Hiyo inawapa dakika 75, na hesabu yake ni hii:

dakika 5 za kukaa na kugawa zamu;
dakika 48 za zamu nane, kila mmoja 6;
dakika 10 za kahawa katikati;
dakika 12 za mwisho za kuazimana vitabu na kuandika daftari.

Zamu ya dakika 6 inagawika hivi: moja ya jibu lenye mambo matano, mbili za kusoma kwa sauti, tatu za wenzake kuuliza na kusema. Hizo tatu zisiliwe. Msemaji akizidisha usimulizi, anayepoteza ni kundi zima.

Mpate mshika saa mmoja kwa kila kikao, kwa zamu. Atege simu ilie kidogo dakika ya 3 na dakika ya 6. Kengele ya simu haijui mkubwa wala mdogo, na hilo ni muhimu kwetu, kwa sababu hakuna kijana atakayemkatiza Maalim katikati ya maneno. Simu inamkatiza, yeye mwenyewe anacheka na anamaliza. Aliyekuwa wa mwisho kikao kilichopita ndiye wa kwanza safari hii.

Mwezi wa Ramadhani msing'ang'anie alasiri. Watu wako jikoni au wamechoka. Hamishieni baada ya tarawehe, mpunguze zamu ziwe nne kwa usiku, au mpumzike mpaka Sikukuu Mosi na Pili zipite. Zote mbili ni sawa. Kisichofaa ni kuacha jambo bila ya kuamua, kwani barza iliyolala bila ya tarehe ya kuamka haiamki tena.

Kahawa na kashata zinatosha. Mkianza kushindana kwa vyakula, mwenye uwezo mdogo atakimbia zamu ya kukaribisha. Na iwekwe mbali na vitabu: kikombe chini, kitabu pajani.

Watu wanavyoikwamisha barza

Ambaye hakusoma. Huyu ataona haya, atajificha, na baada ya vikao viwili humuoni. Semeni tangu siku ya kwanza kuwa "niko pale pale" ni jibu linalokubalika, mradi alete swali moja la pale alipokwama. Mara nyingi kukwama kwake kunazaa mazungumzo mazuri: kitabu kizito mwanzoni, majina mengi, maandishi madogo, au amefika pahala panapomuumiza.

Anayesimulia kitabu chote. Msimkatize kwa "tunajua". Muulizeni: "Sasa hivi yuko wapi?" Swali hilo linamrudisha pale alipofika.

Mwenye elimu kubwa. Kundi likiwa na mwalimu wa Kiswahili au mtu wa chuo kikuu, vijana hunyamaza wakamsubiri atoe kauli. Dawa yake ni adabu: mmoja wenu amwendee kabla ya kikao amwambie, "Maalim, tunakuomba wewe uwe wa mwisho kuchangia, vijana wapate kusema." Hakuna Maalim anayekataa ombi hilo likija kwa faragha. Likisemwa mbele ya watu ni kumvunjia heshima.

Msikilizaji asiyesoma. Wapo watu wazima wanaosoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na hawana mazoea ya hizi nyengine, na wapo ambao macho yamechoka. Wakaribisheni wakae wasikilize. Zamu yao waitumie kwa kumwambia mmoja wa waliosoma kitu gani wangetaka kujua zaidi. Bibi aliyesikia vifungu vitatu vya kitabu kimoja katika vikao vitatu atakidai kifungu cha nne, na msomaji mvivu hana njia ila kuendelea kusoma.

Wekeni kamusi moja mkekani. *Kamusi la Kiswahili Fasaha* la BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, linafaa zaidi kwa vitabu vya waandishi wa hapa. Lakini neno moja likitafutwa kwa zaidi ya dakika moja, liandikwe na liachwe. Mwenye nalo huja nalo kikao kijacho, na mara nyingi ni Mtumbatu, Mkae (mtu wa Makunduchi) au Mpemba anayelitumia kila siku.

Kuazimana

Daftari moja, la mistari, kurasa 96, lenye safu saba: nambari, jina la kitabu, mwenyewe, aliyeazima, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, hali ya kitabu. Safu ya hali ndiyo inayookoa urafiki. Andikeni kwa uwazi wakati kitabu kinatoka: "kona ya jalada imepasuka, kurasa 41 mpaka 44 zimelegea." Kikirudi hivyo hivyo, hakuna neno.

Muda wa kuazima ni wiki nne, yaani vikao viwili. Mtu akitaka kuongeza, aje nacho kikaoni kionekane, kiandikwe upya. Na kitabu hakiruki: aliyeazima hampi mtu wa tatu mpaka kirudi barzani na kipite daftarini. Vitabu vingi havipotei kwa wizi. Vinapotea kwa sababu vimepita mikono mitatu na wa kwanza hakumbuki alimpa nani.

Kitabu cha maktaba ni jambo jengine kabisa. Shirika la Huduma za Maktaba Zanzibar lina maktaba Maisara kwa Unguja na Chake Chake kwa Pemba. Ukiazima huko, kitabu kimo katika jina lako, kwa hiyo kisome barzani, kionyeshe, usikitoe mkononi.

Kila kitabu kinachozunguka kivalishwe karatasi ya kaki, kama madaftari ya skuli, na mikunjo ya ndani iwe na upana wa sentimita 5 hivi isichomoke. Gundi au selotepu isiguse jalada lenyewe. Kwa joto letu, gundi ya selotepu hugeuka manjano, inayeyuka kidogo, na siku ukiibandua inatoka na ngozi ya jalada. Nailoni ya kubana nayo si nzuri wakati wa masika, inafungia unyevu ndani.

Koga, maji na mchwa

Tangu Machi mpaka Mei, na tena vuli ikianza Oktoba, vitabu vinataka hewa. Viwekeni kwenye rafu ya wazi, sio sandukuni wala kabati lililofungwa. Rafu iachane na ukuta kwa sentimita 5 au zaidi, na iinuke kutoka sakafuni kwa sentimita 15. Kuta za chokaa na mawe za nyumba za zamani hunyonya maji kutoka ardhini, na kitabu kilichoegemea ukuta huota koga upande wa nyuma huku mbele ukikiona kizima. Msivibane, kidole kiweze kupita kati ya vitabu.

Ukiona koga, kitenge kitabu hicho mara moja. Kisimamishe wazi kivulini penye upepo, siku moja au mbili, mpaka koga ikauke iwe unga. Kisha nenda nje, jifunge pua na mdomo, uipanguse kwa brashi laini iliyo kavu, ukisukumia mbali na wewe. Usitumie kitambaa kibichi, kinalisukuma doa ndani ya karatasi. Usikianike juani kutwa: jalada litapinda, gundi ya mgongo itakatika, na wino utapauka. Watu wengi hufanya hivyo kwa nia njema, na kitabu kinatoka kikiwa kimekauka na kimekufa.

Kilicholowa mvua au maji ya bahari kinataka haraka zaidi. Cha bahari kimwagie kwanza maji safi kidogo, kikiwa kimefungwa, ili chumvi ipungue. Kisha weka karatasi nyeupe zinazonyonya maji kila baada ya kurasa 15 au 20, uzibadilishe kila saa. Usitumie gazeti, wino wake unahamia. Kama usiku umeingia na bado ni kibichi, kitie katika mfuko wa plastiki, ukiweke kwenye friza. Baridi kali inazuia koga mpaka upate nafasi ya kukikausha.

Mchwa huacha njia ya udongo ukutani. Angalia nyuma ya rafu kila wiki, kwani mchwa hula kutoka ndani na mgongo wa kitabu unabaki umesimama kama kawaida. Karafuu watu huzipenda kwa kufukuza wadudu. Zitie katika kifuko cha kitambaa pembeni mwa rafu, kamwe sio kati ya kurasa, maana mafuta yake yanatia doa, na msizitegemee peke yake.

Kundi la simu

Kati ya kikao na kikao kundi la WhatsApp linasaidia, likiwa na masharti. Siku moja ya wiki iwe ya kujibu swali la barza. Ujumbe mmoja kwa mtu, mistari mitano, kwa mpangilio ule ule wa mambo matano. Mstari wa pili, wa umefika wapi, uandikwe kwa herufi nene ili anayekisoma kitabu hicho hicho ajue kuendelea kusoma ujumbe au kuuruka.

Sauti zisizidi dakika 2. Rekodi ya dakika tisa inakula bando la mtu, na hakuna anayeisikiliza mpaka mwisho. Picha ya ukurasa ipigwe mchana karibu na dirisha, simu ikiwa sambamba na kitabu, ya aya moja unayoizungumzia. Kutuma kitabu kizima kilichopigwa picha au faili lililonakiliwa bila ya ruhusa msikubali kabisa. Waandishi wetu ni wachache, nakala zinazouzwa ni chache, na kila faili linalozunguka hivyo linamkatisha tamaa mchapishaji kukipiga chapa tena.

Salamu za Ijumaa, matangazo ya biashara na video zipelekwe kundi jengine. Msimamizi aliseme hilo siku ya kwanza, kwa upole, na alirudie.

Kifurushi cha Pemba

Barza mbili, moja Unguja na moja Pemba, zinaweza kubadilishana vitabu vitano au sita kila miezi miwili. Vifungwe pamoja kwa karatasi, vitiwe mfuko wa plastiki ufungwe, kisha mfuko wa pili ambao mdomo wake unaelekea upande wa pili. Halafu boksi gumu lisilo na nafasi ndani. Palipobaki pengo pajazwe karatasi, kwa sababu kinachovunja kona za vitabu njiani ni kugongana, kuliko uzito. Jina na simu ya mpokeaji yaandikwe juu ya boksi na tena ndani yake, maana karatasi ya nje ikilowa boksi linakuwa la mtu yeyote. Mkabidhini msafiri mnayemjua, akae nalo, lisishuke chini na mizigo mingine. Miezi ya kusi bahari ya kati ya Unguja na Pemba huchafuka na maji hupanda, basi kama hakuna haraka, subirini.

Ndani ya kila kitabu tieni karatasi ya aliyekuwa akikisoma, yenye mambo matano, iwekwe pale pale alipofika na sio mwanzoni. Msomaji wa Wete au Chake ataikuta katikati ya safari yake, atajua mwenzake wa Malindi ya Unguja alikuwa na shaka gani hapo, na ataandika jawabu lake nyuma ya karatasi hiyo hiyo. Boksi likifika, mpokeaji ahesabu vitabu mbele ya msafiri, apige picha moja, aitume kundini. Kikikosekana kimoja, mwandishi wa daftari amjulishe mwenye kitabu siku hiyo hiyo, na gharama ya nakala nyengine igawanywe kwa barza zote mbili sawa kwa sawa, bila ya kumtafuta mkosa.